Wakilia tunawahurumia, wakicheka tunawafukuza

Maoni ya mwandishi wenu wa Kakontwe, Likasi

Wasomaji na wasikilizaji wa Kakontwe, na ninyi familia mliohama makwenu mkaja kupanga pamoja nasi hapa Likasi, leo sitaandika juu ya bei ya unga wala juu ya barabara iliyokatwa na mvua. Nitaandika juu ya filamu. Najua wamoja watasema mwandishi amekosa kazi. Wanivumilie mpaka mwisho, kwani jambo hili lilianza kwa kicheko na likaishia kwa kijana mmoja kukosa pa kulala.

Ilikuwa siku ya posho, jioni. Umeme ulikuwa umekatika tena, na watu walikuwa wamekusanyika kwenye kabine moja yenye sola, pale wanapochaji simu na kununua mega. Kijana mmoja, fundi wa simu, alikuwa anaangalia filamu kwenye simu yake. Watoto hawakuwapo, tulikuwa watu wazima sita au saba. Tukaanza kuchungulia mmoja mmoja, mwishowe wote tukawa tumemzunguka. Filamu ilikuwa ya Kenya. Kiswahili chake tulikielewa nusu nusu, maana ni kile cha mitaa ya Nairobi, kimechanganywa na Kiingereza. Lakini kuna mama mmoja ndani yake, mwenye kibanda cha chakula, ambaye ulimi wake haupumziki. Anajua nani ametoka na nani, nani anadaiwa nini. Tulicheka sana. Mtu mmoja akasema, "Huyu mama eko hapa Kakontwe, minamujua!"

Halafu wasichana wawili wa filamu hiyo wakashikana mikono, wakaangaliana, na sote tukaelewa kwamba si urafiki tu. Kicheko kikakatika. Mwanaume mmoja akapiga kelele, "Zima iyo! Ni bintu bya bapede!" Mwingine akaanza kumuuliza fundi maswali: aliipata wapi, nani alimpa, na yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani?

Kufika siku ya yenga, baada ya kanisa, neno lilikuwa limezunguka barabara tatu. Kesho yake asubuhi mwenye lupango akamwambia fundi atoke kabla ya jioni, akamrudishia nusu ya garanti yake. Hakuna aliyesema amemwona akifanya jambo lolote. Hakuna aliyemuuliza mbele ya mashahidi. Filamu ilitosha. Sitaandika jina lake wala barabara yake. Naandika tu kwamba godoro lake na sufuria mbili bado viko kwa mama mmoja mhami, aliyekuwa anapanga naye katika lupango ileile pamoja na watoto wake wanne. Ni mama huyo aliyenieleza mambo ya siku ile, naye akamaliza kwa kusema, "Na sisi tulifukuzwa hivyo hivyo. Neno linatangulia, watu wanafuata."

Nilirudi nyumbani nikaitafuta filamu hiyo ili niione yote. Haifai kuhukumu kitu ambacho umekichungulia kwa dakika kumi juu ya bega la mtu.

Inaitwa Rafiki. Iliongozwa na mama Mkenya, Wanuri Kahiu, na ilitoka mwaka 2018. Hadithi yake imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, inayoitwa Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana hao wawili wanaitwa Kena na Ziki. Baba zao wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi wa mtaa, kwa hiyo tayari kuna vichekesho: watoto wa wapinzani wawili wamependana, kama katika hadithi nyingi tunazozijua. Kena anacheza mpira na wavulana na kumsaidia baba yake dukani. Ziki ana nywele za rangi na hacheki kidogo kidogo. Wanatembea, wanakula, wanaongea juu ya maisha watakayoishi. Filamu haionyeshi uchi. Baadaye mtaa unajua, kundi la watu linawapiga, mama wa mmoja anampeleka akaombewe, na mwingine anapelekwa mbali, London. Baba wa Kena, ambaye ana kura za kupoteza, anasimama upande wa mtoto wake. Hapo, kusema kweli, nilisimamisha simu kidogo.

Jina lenyewe lina maana. Wanuri Kahiu ameeleza kwamba alichagua neno "rafiki" kwa sababu mara nyingi ndilo neno ambalo watu wa namna hii wanalazimika kulitumia wanapomtambulisha mtu wanayempenda. Hawawezi kusema "mke wangu" wala "mchumba wangu". Wanasema "rafiki yangu" na kunyamaza.

Sasa sikilizeni yaliyoipata filamu hiyo. Mwaka ule wa 2018 ilichaguliwa kwenda tamasha kubwa la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kufika pale. Kabla haijaonyeshwa, mwezi wa Aprili, bodi ya filamu ya Kenya, iliyoongozwa wakati huo na Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku nchini mwake. Bodi ilisema filamu inaeneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria, na ni kweli kwamba sheria ya jinai ya Kenya inatoa adhabu hadi miaka 14 ya kifungo. Mama Kahiu akaenda mahakamani. Mwezi wa Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, kwa watu wazima. Kwa siku hizo saba watu walipanga mstari Nairobi na sinema zikajaa. Siku ya nane, marufuku ikarudi.

Lakini sababu ya mimi kuandika leo ni jambo moja dogo ambalo mama Kahiu amelisimulia mara nyingi. Anasema bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu. Mwisho ule ulikuwa na tumaini mno. Kena na Ziki wametengana, miaka imepita, na mlango unaachwa wazi kidogo, kwamba labda watakutana tena. Walitaka mwisho wenye majuto. Yeye akakataa.

Fikirini jambo hilo. Kipigo kile katika filamu hakikuwa shida. Machozi hayakuwa shida. Msichana kupelekwa kuombewa kwa nguvu haikuwa shida. Kilicholeta shida kubwa ni kwamba mwishoni msichana anaweza kutabasamu. Ina maana wasichana hawa wangeweza kuonekana, mradi walie mpaka mwisho.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani, kwa miaka mingi, filamu kubwa zilizoruhusu mwanaume anayependa wanaume kuwa mtu wa kati zilikuwa filamu za kilio. Mwaka 1993 kulikuwa na Philadelphia, ya mwanasheria mwenye ukimwi anayefukuzwa kazi. Ni filamu nzuri, na mchezaji wake Tom Hanks alipata tuzo ya Oscar. Watu walitoka sinema wakijifuta macho. Lakini mwaka 2000 akatokea kijana anayeitwa Greg Berlanti akatengeneza filamu ndogo, The Broken Hearts Club. Hiyo ni filamu ya vichekesho vya mapenzi. Ni kundi la marafiki, wanaume, wanaoishi West Hollywood, upande wa Los Angeles. Wanakula pamoja katika mgahawa wa mzee mmoja anayeitwa Jack, wanacheza mchezo wa timu unaofanana na beisiboli na wanashindwa vibaya, wanagombana juu ya mambo ya upuuzi, na kila mmoja anatafuta mtu wa kumpenda. Yule mzuri wa sura anaogopa kuachwa. Yule mwenye aibu anadhani hakuna atakayemtaka. Mzee Jack anawashauri kama mjomba anavyowashauri wapwa zake.

Ukiondoa jina la mji na ukaondoa kwamba wote ni wanaume, ni kikao chochote cha vijana chini ya mwembe. Ndiyo kazi ya kichekesho cha mapenzi: kukuonyesha kwamba mtu usiyemjua anachekesha kwa mambo yaleyale unayochekesha wewe. Anajipamba mno. Anasubiri simu isiyolia. Anasema "simpendi" huku macho yako mlangoni. Huwezi kumcheka mtu namna hiyo halafu ukasema si mtu.

Sisi wa Katanga tunapaswa kuelewa hilo kuliko wengine. Tulilelewa na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, waliotuchekesha kwa Kiswahili chetu wenyewe redioni na kwenye televisheni. Walicheza ugomvi wa ndoa, mahari, tamaa ya wakubwa, mume anayedanganya na mke anayejua. Baba zetu walijicheka wenyewe, na baada ya kucheka waliweza kuzungumza nyumbani jambo ambalo jana lingeleta vita. Kucheka na mtu ni njia ya kumkaribisha mezani. Kumcheka mtu aliyefungiwa nje ni kitu kingine. Na sisi tunajua tofauti, maana kwenye harusi zetu mwanaume akivaa kitenge na kutembea kama mwanamke tunampigia makofi na kumtupia franka. Tunapenda mchezo huo. Tunachokataa ni kwamba mchezaji, wakati ngoma imekwisha, awe na moyo.

Hapa nataka kuongea na ninyi familia mliohama, maana ninyi mtanielewa haraka zaidi. Ninyi mliotoka upande wa Mitwaba na Pweto, au mbali zaidi huko Kivu, mmeona watu wangapi wenye kamera? Wanakuja na magari, wanauliza nani amekufa, nani amebakwa, mtoto gani hajala. Nanyi mnajibu, maana msaada unapita katika majibu hayo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na leo naungama. Siku moja nilikuwa naandika habari za familia zilizohama, na pembeni palikuwa na mashauri ya mahari: wajomba wa pande mbili wanabishana kwa utani, mmoja anadai mbuzi ambaye kila mtu anajua hayuko, watu wanakufa kwa kucheka. Niliwapita. Nilikwenda kumtafuta mama anayelia. Mama mmoja akaniuliza, "Mwandishi, sisi tukicheka hatuna habari?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nafikiri kwamba nikiandika kicheko, watu wa mjini watasema wahami wanaishi vizuri, hawahitaji kitu. Lakini kinachotokea ni kinyume. Ukionyeshwa ukilia tu, watu wanakuhurumia kwa siku mbili, kisha wanakuchoka. Wanakuona kama mzigo, si kama jirani. Jirani ni yule unayejua mtoto wake anapenda nani, anayekudai chumvi, aliyekuchekesha jana. Huyo ukisikia anafukuzwa, unatoka nje kuuliza kuna nini.

Ndiyo maana swali la filamu ya kuchekesha si swali la starehe. Mtu asiyeruhusiwa kuonekana akipenda na akicheka ni rahisi kumtoa lupangoni kwa saa sita, na hakuna mtu atakayetoka nje kuuliza.

Likasi inajua jambo hili kwa mwili wake. Wazee wetu wanakumbuka Agosti 1992 na miezi iliyofuata. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, watoto na wajukuu wa watu waliokuja kufanya kazi katika migodi na kwenye reli, walianza kuitwa "bilulu", yaani wadudu. Kwanza lilikuwa neno la mkutano wa siasa. Halafu likawa neno la sokoni. Halafu nyumba zikachukuliwa, na watu maelfu wakajaa kwenye gare ya Likasi wakingoja gari la moshi lisilokuja. Walikaa pale miezi. Wengi walikufa wakingoja, watoto hasa. Sisi tuliobaki tulifanya nini? Wengine walificha watu nyumbani mwao, na Mungu awabariki. Wengine wengi walifunga dirisha.

Sisemi kwamba kijana mmoja kupoteza chumba ni sawa na gare ile. Nasema njia ni ileile. Neno linatangulia. Mtu anapewa jina la mdudu au la uchafu, halafu kila anachofanyiwa kinaonekana kama usafi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo ni "pede". Juzi ilikuwa "bilulu". Kesho inaweza kuwa "hawa wahami", na tayari nimelisikia sokoni, kwamba hawa ndio wanaopandisha kodi ya nyumba.

Najua majibu mtakayonipa. Nimekwisha kuyapata mengi, na mengine yana uzito.

Wa kwanza anasema: sheria inakataza. Tuangalie sheria, basi. Sheria ya jinai ya Congo haina kifungu kinachosema mtu aadhibiwe kwa sababu anapenda mtu wa jinsia yake. Mwaka 2010, na tena mwaka 2013, kuna walioleta bungeni mapendekezo ya sheria ya namna hiyo, hayakupita. Kuna kifungu 176 juu ya aibu ya hadharani, na mara nyingine kinatumiwa dhidi yao, lakini hakiwataji. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu 40, inasema ndoa ni kwa mtu wa jinsia nyingine. Hilo liko wazi, na sitaki kulificha. Lakini katiba hiyohiyo, kifungu 16, inasema mwanadamu ni mtakatifu. Kifungu 29 kinalinda nyumba ya mtu, na kifungu 31 kinalinda maisha yake ya faragha. Na sheria ya nyumba za kupanga ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka mpangaji apewe muda kabla ya kutolewa; hairuhusu aambiwe asubuhi kwamba jioni atoke. Kwa hiyo siku ile hapa kwetu, aliyevunja sheria si fundi wa simu.

Wa pili anasema: ni dhambi, Biblia imesema. Mimi si padri wala mchungaji, na sitahubiri. Nakumbusha tu. Mwezi wa Januari 2023, siku chache kabla ya kuja Kinshasa, Papa Fransisko alisema katika mahojiano kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si kosa la jinai, ingawa kwa mafundisho ya kanisa tendo ni dhambi. Alirudia maneno hayo ndani ya ndege alipotoka Sudan Kusini mwezi wa Februari. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, maaskofu wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali wetu Fridolin Ambongo, wakasema kwamba hawatabariki wapenzi wa jinsia moja katika makanisa ya Afrika. Sasa weka maneno hayo mawili pamoja. Mmoja anasema si kosa la kufungwa. Wengine wanasema hatutabariki. Hakuna kati yao aliyesema mtoe mwenzako nje na umrudishie nusu ya garanti. Mtu anaweza kukataa kubariki na bado akakataa kupiga. Katika hali yetu, ningefurahi tukianzia hapo tu.

Wa tatu anasema: na watoto wetu? Hapo tuko pamoja. Filamu za mapenzi za watu wazima, ziwe za mwanaume na mwanamke au za nani, si za watoto wa miaka minane wanaojaa kwenye vyumba vya video. Hata Jaji yule wa Nairobi aliruhusu watu wazima tu. Lakini tuwe wakweli. Vyumba vyetu vya video vinaonyesha filamu za watu wanaokatana vichwa tangu asubuhi, na watoto wetu wako mstari wa mbele. Sijasikia mwenye lupango aliyemtoa mpangaji kwa sababu ya filamu ya panga.

Wa nne anasema: tuna njaa, wewe unatuletea habari za mapenzi. Huyu namheshimu kuliko wote, kwa sababu njaa naiona. Lakini hata mwenye njaa anapenda. Wale wajomba waliokuwa wanabishana juu ya mbuzi asiyekuwapo, siku hiyo walikuwa hawajala. Wanuri Kahiu anasema Afrika imechoshwa na kuonyeshwa kwa vita, ukimwi na umaskini tu, naye anataka sanaa yenye furaha na hata upuuzi kidogo. Wengine wanamwona mtu wa anasa. Mimi, baada ya swali la yule mama, namwona amesema kitu ambacho mwandishi wa Kakontwe angepaswa kukisema zamani.

Wa tano hasemi lolote. Ananiandikia usiku, kwa namba nisiyoijua, kuniuliza ile filamu inaitwaje. Nimepata ujumbe wa namna hiyo mara mbili tangu jambo hili litokee. Sikuuliza majina. Nilijibu jina la filamu tu. Nataka wenzangu wa Kakontwe wajue kwamba watu hao wapo. Hawakuletwa na filamu ya Nairobi wala na simu. Wanaimba katika korali zetu, wanabeba maiti zetu wakati wa kilio, na wanatengeneza simu zetu. Wanatucheka tunapochekesha, na wanajizuia kucheka pale ambapo kicheko kingewafichua.

Basi naomba nini? Siombi mtu abadilishe imani yake. Naomba mambo manne yanayowezekana juma hili.

Wenye lupango: fuateni sheria. Kama mpangaji ana kosa, mpe muda wake na garanti yake yote. Kama huna kosa la kumwonyesha ila neno la barabarani, huna kosa.

Wenye kabine na vyumba vya video: mtoto ni mtoto. Wekeni saa za watoto na saa za watu wazima, kwa filamu zote. Na simu ya mtu mzima ni yake.

Wachungaji na viongozi wa jumuiya: hubirini mnayoyaamini, lakini siku mnapohubiri hayo, malizeni kwa sentensi moja inayokataza mkono kuinuka. Mnajua kuliko mimi jinsi watu wanavyotoka kanisani wakitafuta pa kumwaga hasira.

Na mimi mwandishi nimejitoza faini yangu. Mara nyingine nitakapokuja kwa familia zilizohama, nitaandika habari ya harusi kwanza. Kama kuna machozi nitayaandika pia, lakini hayatatangulia tena.

Yule fundi amepata pa kulala kwa rafiki, upande mwingine wa mji. Neno hilo, rafiki, nalitumia kwa maana yoyote mtakayoipenda, sikumuuliza. Godoro lake bado liko kwa yule mama, limesimamishwa ukutani ili watoto wasilikojolee. Mama anasema halipeleki popote, mwenyewe atakuja kulichukua mchana, mbele ya watu, kama mtu anayehama nyumba kwa heri. Mpaka sasa hajathubutu. Atakapokuja, naomba mtu mmoja wa barabara hiyo amsaidie kulibeba.